RDC Mashariki: moteri ya gari ndogo ya zamani ikikufa, namna ya kupata ingine bila kupoteza pesa

Katika miji mingi ya mashariki mwa jamuhuri ya kidemokrasia ya Congo, gari ndogo za zamani kama Toyota Starlet, Vitz, ist na Corolla ndizo zinabeba wasafiri wa taxi, magunia ya mama wauzaji na watoto wa shule. Moteri ya gari moja ikikufa, shoferi anakosa pesa ya siku, mwenye gari anakosa pesa ya juma, na pesa ya masomo ya watoto inachelewa. Kwenye garaji, jibu linakuwa mara nyingi moja tu: tafuta moteri ingine.

Hapo ndipo watu wengi wanapoteza pesa. Moteri iliyokwisha kutumika, ile tunayoita okazioni, inauzwa bila kitabu na bila historia. Muuzaji anaweza kusema imetoka Japani na imetembea kilometa 50 000 tu. Lakini kipimo cha kilometa kiko kwenye tablo ya gari, na tablo ilibaki na gari ile iliyovunjwa. Hakuna mtu anayeweza kusoma kilometa juu ya chuma cha moteri. Vitu viwili tu ndivyo mnunuzi anaweza kuhakikisha: namba iliyochongwa juu ya moteri, na hali yake siku ya kuinunua. Kwa hiyo pesa isitoke mfukoni mbele ya kuhakikisha vyote viwili.

Kwanza: je, moteri imekufa kweli?

Mbele ya kutafuta moteri ingine, mwenye gari anapaswa kujua ugonjwa wa ile iliyopo. Moshi unasema mengi. Moshi wa bluu unaonyesha kwamba moteri inachoma mafuta yake, na mara nyingi ni pete za pistoni (segimenti) au raba za valvu zilizokwisha. Moshi mweupe usiokoma hata moteri ikiwa moto, pamoja na maji yanayopunguka kwenye radiateri, unaonyesha kwamba maji yanaingia ndani. Moshi mweusi unaonyesha esansi nyingi kupita kiasi, na hiyo si sababu ya kutupa moteri.

Kuna kipimo kimoja ambacho fundi mzuri hawezi kukikataa: kupima kompresioni. Anatoa bugi zote, anaweka kompresometri kwenye kila silinda, anazungusha moteri kwa demareri, na anaandika namba nne. Moteri yenye afya inatoa namba zinazokaribiana. Silinda moja ikiwa chini sana, anamimina humo kijiko kidogo cha mafuta ya moteri na kupima tena. Namba ikipanda, segimenti ndizo zimechoka. Isipopanda, ugonjwa uko juu: valvu, au joenti ya kulasi, yaani ile inayokaa kati ya kichwa cha moteri na mwili wake.

Tofauti hiyo ina bei kubwa. Joenti ya kulasi iliyoungua inaweza kubadilishwa, na kulasi iliyopinda kidogo inaweza kusawazishwa kwenye mashini. Kazi hiyo inagusa sehemu ya juu tu ya moteri. Lakini kama moteri inagonga kwa chini, kama kuna tundu kwenye ubavu wake, au kama shoferi aliendelea kuendesha bila mafuta mpaka ikakwama, basi kutafuta moteri ingine kunaweza kuwa njia ya akili. Fundi anayesema moteri imekufa bila kupima chochote hajatoa jibu bado.

Namba ndiyo inasema moteri gani itaingia

Wengi wanaenda sokoni wakiomba moteri ya Vitz. Ombi hilo halitoshi. Vitz ya kwanza, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1999, iliuzwa na moteri za aina mbalimbali, kama 1SZ-FE ya santimetakibu 997, 2NZ-FE ya 1299, na 1NZ-FE ya 1497. Kwa macho, gari ni ile ile. Ukifungua kofia ya mbele, ni mambo tofauti. Tangu mwaka 2005, Vitz iliyofuata ikaleta hata moteri ya silinda tatu, 1KR-FE.

Kwenye gari nyingi za Toyota zilizotoka Japani, kuna kibati kidogo cha chuma ndani ya sehemu ya moteri, kwenye ukuta unaotenga moteri na viti. Kinaonyesha aina ya gari, namba ya shasi, na kwa kawaida aina ya moteri na ukubwa wake. Aina ya moteri tena imechongwa juu ya mwili wa moteri wenyewe. Piga foto za vyote viwili kwa simu na uende nazo sokoni.

Kujua namba kunafungua mlango mwingine: moteri moja inaishi ndani ya gari nyingi. Mwenye Vitz ya 2NZ-FE anaweza kuitafuta kwenye Platz, ist au Probox za moteri ndogo. Mwenye 1NZ-FE anaweza kuitafuta kwenye Corolla NZE121, Probox, ist ya 1500, Allion na Premio za 1500. Gari hizo zilitengenezwa kwa wingi, ndiyo sababu moteri za familia ya NZ bado zinapatikana bila shida kubwa.

Starlet ni habari ingine. Starlet EP82 na EP91 nyingi zinatumia moteri 4E-FE ya santimetakibu 1331. Moteri hiyo iliwekwa pia kwenye Corolla EE101 na EE111, Tercel, Corsa na Corolla II. Lakini Toyota iliacha kutengeneza Starlet mwaka 1999. Hata ile ya mwisho kabisa imepita miaka 25. Kwa hiyo muuzaji akisema moteri ya Starlet imetoka juzi kwenye gari iliyokuwa ikitembea Japani, uliza maswali. Inawezekana kabisa imetoka kwenye gari iliyovunjwa Kampala, Dar es Salaam, ao hapa kwetu. Hiyo peke yake haiifanyi kuwa mbaya, lakini bei haipaswi kuwa ya moteri ya Japani.

Namba moja, lakini si vitu vyote sawa

Hata namba zikilingana, kuna mitego inayosumbua mafundi siku nzima.

Wa kwanza ni umeme. Waya, vipimo na kompyuta ya moteri (kalkilateri) vilibadilika kufuatana na miaka. 4E-FE ya EP82 na ile ya EP91 hazitoi nguvu sawa wala hazitumii umeme sawa. Kwenye familia ya NZ, moteri za kwanza zinafunguliwa hewa kwa kebo inayotoka kwenye pedali, wakati zingine za nyuma zinafunguliwa kwa umeme bila kebo. Ukiweka ya umeme kwenye gari ya kebo, gari haitafuata pedali mpaka ubadilishe sehemu ile ya hewa au uhamishe waya na kompyuta yake yote.

Wa pili ni bwati ya vitesi. Moteri iliyotoka kwenye gari ya otomatiki haina gurudumu zito la chuma linalobeba ambreyaje. Kama gari yako inabadilishwa vitesi kwa mkono, utahamisha gurudumu lile na ambreyaje kutoka kwenye moteri yako ya zamani. Ndiyo maana moteri ya zamani haiuzwi kwa kilo mbele ya kazi kwisha.

Wa tatu ni magurudumu. Moteri ya gari inayosukuma magurudumu yote manne inaweza kuwa na karteri ya mafuta ya umbo lingine chini. Linganisha hizo mbili kwa macho, moja kando ya ingine, mbele ya kufunga kitu chochote.

Upande wa usukani haubadilishi moteri yenyewe. Japani, Uganda, Kenya na Tanzania wanatembelea upande wa kushoto wa barabara, Congo upande wa kuume, lakini moteri ni moja. Kinachoweza kutofautiana ni urefu wa kebo na njia ya mabomba na waya. Kwa hiyo hifadhi kebo na vifungo vyako vya zamani.

Zinatoka wapi, na kwa nini ni nyingi

Japani, gari ya mtu binafsi inapita kwenye ukaguzi mkali miaka mitatu baada ya kununuliwa ikiwa mpya, kisha kila miaka miwili. Ukaguzi huo unagharimu, na watu wengi wanaona heri kuachana na gari ambayo ingeweza bado kutembea. Gari zinavunjwa, moteri zinapangwa ndani ya makontena. Nyingi zinapita Sharjah na Dubai, ambako biashara ya vipande vya gari vilivyotumika ni kubwa, kisha zinateremka Mombasa ao Dar es Salaam.

Kwa Butembo na Beni, njia inayojulikana ni Kampala, Kasese, kisha mpaka wa Kasindi. Bunia inaleta pia kupitia Mahagi, Aru na Ariwara kupitia Arua, na Goma kupitia Bunagana. Uvira na Kalemie zinapokea bidhaa kutoka Dar es Salaam kwa kupitia Kigoma na ziwa Tanganyika. Lubumbashi inategemea Kasumbalesa. Mjini Kampala, soko la Kisekka limejulikana tangu zamani kwa vipande vya gari.

Mwaka 2018, Uganda ilikataza kuingiza gari zenye miaka 15 ao zaidi. Kenya inakataza zile zinazopita miaka 8. Sheria hizo zinahusu gari nzima, lakini matokeo yake yanatufikia: gari za zamani sana zinazovunjwa kwa majirani ni zile zilizoingia mbele, na zinapunguka. Mwenye Starlet ataanza kuhisi jambo hilo mbele ya mwenye Probox.

Kuingia kwa Congo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 hakumaanishi kwamba moteri ya Japani inavuka bila kodi. Haikutengenezwa ndani ya jumuiya. Kwenye mpaka kuna duani (DGDA) na ukaguzi wa OCC. Kama unanunua mwenyewe ng'ambo, uliza gharama hizo mbele ya kulipa moteri. Kama unanunua kwa mfanyabiashara wa hapa, omba fakture yenye namba ya moteri.

Kuangalia moteri mbele ya kulipa

Nenda na fundi wako, si fundi wa muuzaji. Moteri ikiwa chini kwenye mbao, kazi ya dakika 30 inaweza kuokoa pesa ya miezi sita.

Zungusha moteri kwa ufunguo kwenye bulo kubwa ya mbele. Inapaswa kuzunguka duru nzima mara mbili, bila kukwama na bila kusaga. Fungua kifuniko cha mafuta na uangalie kwa taa ya simu. Matope meusi magumu yanaonyesha kwamba mafuta hayakubadilishwa kwa wakati. Povu la rangi ya chai ya maziwa linaonyesha kwamba maji yalichangamana na mafuta. Moteri yenye povu hilo, iache.

Angalia mapito ya maji. Kutu nyingi inaonyesha kwamba ilipewa maji matupu kwa miaka. Toa bugi: zikiwa na mafuta mabichi, silinda ile inavuja. Angalia vichwa vya bulo za kulasi. Vikiwa na alama za ufunguo, na silikoni ikitoka pembeni, moteri ilikwisha kufunguliwa na muuzaji anapaswa kueleza sababu. Ile iliyooshwa na kupigwa rangi mpya isikufurahishe haraka, maana rangi inafunika mahali palipokuwa pakivuja.

Kisha pima kompresioni, kwa betri na demareri, hapo hapo chini. Muuzaji anayejua mali yake hatakataa. Wengine wanakubali hata kuiwasha chini kwa dakika chache. Ukisikia kelele ya mnyororo kwenye moteri ya NZ ikiendelea baada ya mafuta kupanda, tafuta ingine. Moteri hizo zinatumia mnyororo, na mafuta machafu ndiyo yanauharibu pamoja na mfumo wa VVT-i.

Mwishowe, soma namba. Ikiwa imefutwa kwa limu ao imechongwa upya, usinunue hata bei ikiwa ya chini namna gani. Moteri ya wizi inaweza kukuletea matata na polisi, na mwenye kukuuzia hatapatikana siku hiyo.

Karatasi na pesa

Neno garanti linasemwa kwa urahisi sokoni. Linapaswa kuandikwa. Karatasi moja inatosha: jina la muuzaji na simu yake, aina na namba ya moteri, bei, vitu vinavyokuja nayo (alternateri, demareri, injekteri, waya, kompyuta), siku za garanti, na kitu ambacho muuzaji atafanya ikishindwa: kurudisha pesa ao kutoa moteri ingine. Andikeni pia nani atalipa fundi kama kazi itarudiwa, maana ugomvi mwingi unatoka hapo. Weka alama ya rangi kwenye bulo mbili tatu mbele ya macho ya muuzaji. Siku ya kurudi, yeye atajua kwamba hukuifungua, na wewe utajua kwamba unazungumzia moteri ile ile.

Kutuma pesa yote Kampala ao Dubai kwa mtu ambaye hujamwona ni hatari kubwa. Tangu benki zilipofunga milango Goma na Bukavu mwanzoni mwa mwaka 2025, wengi walibaki na pesa mkononi ao pesa ya simu, na pesa iliyotumwa kwa simu ni vigumu kuirudisha. Heri kupitia ndugu ao mfanyabiashara anayesafiri, atakayeona moteri, apige foto ya namba, kisha alipe.

Piga hesabu nzima, si bei ya moteri tu. Tuchukue mfano, si bei ya soko: moteri ikiuzwa dola 400, ongeza usafiri, joenti, mafuta, filtre, maji ya radiateri na kazi ya fundi. Dola 400 zinaweza kuwa 600 ao zaidi. Weka jumla hiyo kando ya bei ya gari kama yako inayotembea vizuri. Ikipita nusu ya bei hiyo, na gari ina kutu chini ao bwati inaruka, fikiri mara mbili. Ikiwa mwili ni mzima, moteri nzuri inaweza kuipa miaka mingine ya kazi.

Uliza pia kama namba ya moteri imeandikwa kwenye karatasi za gari yako. Kama imeandikwa, shughulika na marekebisho mapema na uhifadhi fakture ndani ya gari. Namba isiyolingana ni sababu tosha ya kusimamishwa barabarani.

Kilichoua moteri ya kwanza kitaua ya pili

Moteri nyingi zinapikwa na joto. Radiateri iliyozibwa, feni isiyozunguka, kifuniko kilichochoka, maji ya mtoni yenye udongo. Goma na Bukavu ziko karibu meta 1500 juu ya bahari. Kwenye urefu huo, maji matupu yanachemka karibu na nyuzi 95, si 100. Kifuniko cha radiateri ndicho kinashika presha na kuzuia maji yasichemke mapema. Kifuniko cha bei ndogo kisichoshika presha kinaweza kuharibu moteri ya bei kubwa. Kutoa temostati, kama mafundi wengine wanavyofanya, hakutengenezi radiateri iliyozibwa.

Kwa hiyo mbele ya moteri mpya kuingia, safisha radiateri ao uibadilishe, weka temostati na kifuniko kizuri, na umimine maji ya radiateri yanayostahili. Wakati moteri bado iko nje, badilisha raba ya nyuma inayozuia mafuta, pompi ya maji, na diski ya ambreyaje kama imechoka. Kwa Starlet ya 4E-FE, badilisha pia mkanda wa distribisioni na rula yake. Mkanda huo umepangiwa karibu kilometa 100 000, na kwenye moteri ya okazioni hakuna anayejua umetembea ngapi. Kuubadilisha moteri ikiwa chini ni kazi ndogo. Kuukata ukiwa na wasafiri kwenye mlima wa Kanyabayonga ni mambo mengine.

Siku za kwanza, shoferi apime mafuta na maji kila asubuhi mbele ya kuwasha. Baada ya kilometa 1000 hivi, mafuta yabadilishwe na filtre yake, kwa sababu mafuta ya kwanza yanabeba uchafu wote uliokuwa umelala ndani. Filtre ya hewa isafishwe mara nyingi kwenye barabara zetu za vumbi. Kama mwenye gari na shoferi ni watu wawili, wakubaliane tangu siku ya kwanza nani ananunua mafuta hayo. Moteri nyingi zilikufa kwa sababu kila mmoja alifikiri ni kazi ya mwenzake.